Jina la Mama Mkwe Lililokwenda Mirihi

Mama mkwe wangu ana jina zuri. Siliandiki hapa, na mtu asinibembeleze. Niliwahi kuliandika mara moja tu, kwa nia njema kabisa, na jambo hilo likaninyang'anya mke kwa muda wa mimba nzima.

Nimechoka kusikia habari hii ikisimuliwa kombo kwenye vijiwe vya kahawa vya Ujiji, eti Amosi alimuuza mama mkwe wake kwa Wazungu. Sikumuuza. Nilimheshimu. Acheni nieleze mwenyewe.

Mimi ni fundi sola. Nafunga paneli kwenye mapaa ya watu kuanzia Ujiji hadi Kagunga kule mpakani, na kila nikimaliza kazi natoa hotuba ileile: jamani, panguseni, panguseni, vumbi ndilo linaloua umeme. Hakuna anayenisikiliza. Miezi ikipita wananipigia simu kunitukana kwamba nimewafungia vioo. Kwa sababu ya kazi hiyo napenda kusoma kwenye simu habari za mitambo inayotumia jua, na huko ndiko nilikokutana na chombo kile. Walikuwepo watu ng'ambo wanaotengeneza roboti ya kwenda kutua kwenye sayari ya Mirihi, ile nyekundu, ikachimbe udongo na kuupima. Ndani hakuna mtu. Wakatangaza kwamba yeyote duniani anayetaka apeleke jina lake, bure, nao watalichonga kwenye kibati kidogo kuliko ukucha na kukifunga ubavuni mwa chombo.

Mtu mwenye akili za kawaida angeandika jina lake. Mimi nikamfikiria mama mkwe.

Mjue kwanza hali yangu. Yule mama hakunipenda tangu siku ya posa. Yeye ni Muha wa Kalinzi, kule juu milimani, mwenye shamba la kahawa na sauti ya kulisimamia. Mimi ni mtoto wa Ujiji, babu zangu walivuka ziwa kutoka Kongo, na machoni pake kwetu ni samaki tu. Aliniita "huyo wa dagaa". Nikimpelekea migebuka, anauliza kama kwetu hakuna chakula kingine. Nikimpelekea nyama, anauliza kama samaki wamekwisha ziwani. Nilimfungia paneli nzuri juu ya bati, akasema tangu taa iwake ameanza kuona buibui. Baba mkwe, Mzee Bonifasi, ni mtu mpole ambaye kwa mwaka husema maneno machache, na mengi yake ni "sawa". Kwa hiyo nilikuwa natafuta zawadi ambayo hata yeye mama asingeweza kuitia kasoro. Nikaona: sasa nani tena Kalinzi nzima atakuwa na jina lake kwenye sayari nyingine?

Nikaliandika lote, la ubatizo na la ukoo, nikabonyeza. Wakanirudishia cheti chenye picha ya sayari na jina lake kwa herufi kubwa. Nikakaa nacho kimya. Nilitaka chombo kiruke salama kwanza, maana kikilipuka na jina la mama mkwe ndani yake, nani angenielewa?

Kikaruka salama. Siku zilezile Elida, mke wangu, akashika mimba yetu ya kwanza, tukapanda Kalinzi kuwapa wazee habari. Nikasema moyoni, leo ndiyo leo. Cheti nilikuwa nimekitia kwenye fremu ya dhahabu, si dhahabu yenyewe, ile rangi. Ilikuwa Jumapili baada ya misa, ua umejaa ndugu na majirani, kahawa imemiminwa. Nikasimama, nikakohoa, nikasoma cheti kwa sauti ya mtu anayesoma somo la kwanza kanisani. Jina lote.

Kuku peke yao ndio walioendelea na shughuli zao. Jirani mmoja, Mama Melania, alijifunika uso kwa khanga. Mzee Bonifasi aliweka kikombe chini, akafungua mdomo, na "sawa" haikutoka.

Sasa nilaumiwe mimi? Kwetu Ujiji mama mkwe wa kaka yangu anaitwa kwa jina kutoka barabarani, naye anaitika huku anacheka. Kumbe huku kwao mkwe wa kiume halitaji jina la mama mkwe hata akiwa anazama ziwani na huyo mama ndiye mwenye kamba. Anasema "Mama", basi. Elida anadai aliniambia. Aliniambia nisiwaite wazee kwa majina. Mimi sikuita, nilisoma!

"Baba," mama mkwe akasema polepole, "jina langu umelitaja."

"Nimelisoma, Mama."

"Na kabla ya kulisoma?"

"Niliandika."

"Ukalipeleka wapi?"

Nikaonyesha kidole juu. Ua mzima ukatazama juu.

"Huko kuna nani?"

"Hakuna mtu, Mama. Ni mawe na vumbi."

"Maji?"

"Hakuna."

"Kwa hiyo jina alilonipa baba yangu umelichukua bila kuniuliza, ukalitupa nyikani." Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. "Litarudi lini?"

Hapo ndipo mtu mwenye busara angesema uongo. Mimi nikasema kweli, kwamba chombo hakikutengenezwa ili kirudi.

"Hakirudi?"

"Hakirudi, Mama."

"Basi na huyu harudi." Akamshika Elida mkono. "Siku jina langu litakaporudi, mkeo naye atarudi. Atazalia hapa, kama mtoto wa kwanza anavyozaliwa kwa bibi yake, na baada ya hapo tutaona."

Nilimtazama Elida anitetee. Akatazama chini, mabega yanatikisika. Nilidhani analia. Baadaye sana aliniambia alikuwa anazuia kicheko, na tena kule Ujiji harufu ya dagaa ilikuwa inamtapisha, kwa hiyo hewa ya mlimani ilimfaa. Ndoa ina mambo.

Nikashuka peke yangu na fremu yangu kwapani.

Upweke ulinibana, sitaficha. Nilijipikia ugali ambao ulikataa kuwa ugali. Nilikuwa nazungumza na redio. Kila Jumamosi nilipakia mawese na samaki kwenye pikipiki, nikapanda Kalinzi, nikapiga makofi yale ya salamu za Kiha kama mke wangu alivyonifundisha, nikasema "Mwakeye", nikapewa kikombe cha kahawa barazani. Elida alikuwa ananenepa vizuri. Tunaongea kidogo chini ya macho ya mama yake, kisha ninasindikizwa hadi kwenye pikipiki kama mgeni wa serikali.

Lakini nikaanza kuona jambo. Mama mkwe, ambaye zamani hakuwa akiniuliza hata kama nimefika salama, sasa kila nikikanyaga uani alikuwa na swali.

"Limefika wapi?"

"Bado liko njiani, Mama."

"Njia yote hiyo halilali mahali?"

"Halilali."

"Baridi?"

"Kali sana."

Anasonya, anarudi jikoni. Jumamosi nyingine anataka kujua kama hicho kibati kimefungwa kwa misumari au kwa gundi, maana gundi haiaminiki. Nyingine tena anauliza majina mengine yaliyo kwenye kibati ni ya watu gani, wana tabia gani. Nikasema ni mengi mno, ya dunia nzima. "Hayo yote yamebanana na langu?" akasema. "Na wanaume?" Nikaona bora nisiendelee.

Na si kwamba alikaa na uchungu huo peke yake. Mama Melania alinidokeza kwamba siku hizi kwenye mikutano ya wakulima wa kahawa, mama mkwe akitaka kusema, anaanza na "Mimi ambaye jina langu liko safarini". Hakuna anayethubutu kumkatiza. Nilipomwuliza Elida kama basi mama ameshanisamehe, akasema, "Thubutu! Kukusamehe ni jambo lingine."

Siku ya kutua walinipigia simu nipande mapema. Nilikuta ua umefagiwa na kina mama wamevaa vitenge vya kanisani. Simu yangu ikaegemezwa kwenye sufuria juu ya kichanja cha kuanikia kahawa, maana ndipo mtandao unaposhika. Tukaona ukumbi wa watu wa ng'ambo wenye fulana za rangi moja, wanang'ata kucha. Mimi nikatafsiri kadiri nilivyoweza. Chombo kinaingia angani mwa sayari. Chombo kinafungua mwavuli. Chombo kina —

Picha ikaganda.

"Kina nini?" mama mkwe akauliza.

"Mtandao, Mama."

"Wanaanguka na jina langu, wewe unaniambia mtandao?"

Wanaume watatu waliinua kichanja kizima, na kahawa yake na sufuria yake na simu yangu, wakazunguka nacho uani kutafuta mtandao kama watu waliobeba kiti cha askofu. Mama mkwe alipiga magoti penye majani ya migomba, akaanza Salamu Maria. Elida, na tumbo lake lile, alicheka mpaka akakaa chini. Kichanja kilipofika kwenye kona ya choo picha ikarudi, na ukumbi ule wa ng'ambo ulikuwa umekwisha kuwa wa watu wanaokumbatiana.

"Kimetua!" nikapiga kelele.

Vigelegele vilivyopigwa Kalinzi siku ile, kama hao wa fulana wangevisikia, wangeona aibu kwa makofi yao.

Picha ya kwanza ilikuwa udongo mwekundu na mawe hadi macho yanapoishia. Mama mkwe akachukua simu, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Kumbe ni udongo kama wetu wa huku juu," akasema. "Nani amelima?"

"Hakuna mtu, Mama."

"Udongo wote huo!" Alisikitika kweli. Mtu wa Kalinzi akiona ardhi tupu anaumwa. Chombo kilipoanza kuchota udongo kwa mkono wake wa chuma, kijiko kidogo kidogo, alitazama kwa dharau na kusema jembe linashikwa kwa mikono miwili.

Nikaanza kupata matumaini. Nikamnong'oneza Elida, je, jina likikaa vizuri huko, likawa na heshima, mama hawezi kulegeza masharti? Elida akauliza. Jibu likaja pamoja na migebuka yangu iliyokaangwa: jina likikaa vizuri, ndiyo sababu zaidi ya kurudi likasimulie.

Kisha ikaja dhoruba ya vumbi. Nilisoma habari hiyo nikiwa juu ya paa la mtu, na nusura niteleze. Paneli za chombo zimefunikwa, umeme unapungua, wataalamu wana wasiwasi. Nikapanda Kalinzi siku hiyohiyo ingawa haikuwa Jumamosi.

Mama mkwe alinisikiliza mpaka mwisho. "Vumbi limekaa juu ya paneli," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Kama ile uliyonifungia mimi."

"Kama ile."

"Mimi yangu naipangusa kila Jumamosi kabla hujafika, ili usinihubirie. Hao kwa nini hawakuweka kitambaa?"

 Kwa miaka yote ya ufundi wangu, mteja wa kwanza kunisikiliza alikuwa yeye, na hakuniambia. Ilinigusa.

Akaniamuru niwaandikie. Nikawaandikia kwa Kiingereza changu, yeye akisema na mimi nikigeuza, kwamba mama mmoja mkulima wa Kalinzi, ambaye jina lake wanalo, anauliza habari ya kitambaa. Jibu lilikuja palepale, lile linalojiandika lenyewe, kwamba wanashukuru kwa kupenda kwetu sayansi.

"Wameshukuru," mama mkwe akasema. "Sasa watapangusa."

Hawakupangusa. Chombo kikaanza kuzungumza kwa shida, kisha siku zikapita bila neno. Asubuhi moja wakatangaza kwamba wamekiita mara nyingi, hakiitiki, na sasa wanaacha kukiita. Kazi yake imekwisha.

Nilikaa kitandani na simu mkononi. Nililia, mtu mzima mimi. Sikulilia chuma. Nililia kwa sababu nilijua sasa jina lile limezikwa vumbini, halina njia wala dalili ya kurudi, na Elida wangu angezeekea Kalinzi. Nikavaa shati jeusi nililonalo, nikapanda pikipiki.

Nilipokaribia nikaona ninachokiogopa. Ua umejaa. Kina mama wamekaa mikekani, kimya, wananong'ona. Wanaume wako upande wao, kofia magotini. Nikajua redio imenitangulia na watu wamekuja kwenye msiba wa jina. Nikavua kofia, nikainamisha kichwa, nikaenda moja kwa moja kwa Mzee Bonifasi, nikamshika mkono kwa mikono yangu yote miwili.

"Pole sana, Baba," nikasema. "Ni kazi ya Mungu. Tumepoteza."

Mzee Bonifasi akanitazama. "Pole ya nini?" akasema. "Hongera. Ni wa kike." Kisha, kwa kuwa alikuwa amekwisha kutumia maneno mengi, akamalizia, "Sawa?"

Walikuwa kimya kwa sababu mtoto amelala.

Sikumbuki nilivyoingia ndani. Nakumbuka Elida amechoka na anang'aa, ananiuliza nimevaa nini. Nakumbuka mama mkwe amesimama dirishani na kitu kidogo kilichofungwa khanga, na mimi, badala ya kushukuru kama binadamu, nikaropoka:

"Mama, chombo kimezimika. Wametangaza leo asubuhi."

Nilitaka yaishe yote kwa pamoja. Akanigeukia.

"Asubuhi hii?"

"Asubuhi hii."

Akamtazama mtoto. Akanitazama mimi. Akamtazama tena mtoto, usoni, kama mtu anayekagua mzigo uliosafiri mbali.

"Basi limefika," akasema.

"Nini, Mama?"

"Jina langu. Kule limezimika, huku limelia. Ulidhani lingekaa kule peke yake kwenye vumbi?" Akanikabidhi mtoto. "Huyu ni somo wangu. Akibatizwa, jina limerudi, na mkeo atashuka nawe."

Nilitaka kumpigia magoti. Nilimbusu mtoto, nikambusu Elida mbele ya mama yake, jambo ambalo huko nako halifanywi. Elida akasubiri nitulie, kisha akaniuliza kwa upole wa kishetani:

"Na wewe mwanao utamwitaje?"

Ndipo nilipokaa chini.

Tukapanga. Siku ya ubatizo padri akiuliza jina, Elida ndiye atakayejibu, mimi nitashika mshumaa na kufunga mdomo. Mama wa ubatizo, Mama Melania, naye aliagizwa ajibu kama Elida atapaliwa. Hatukumweleza Padri Erasto, maana ni mgeni parokiani na tulidhani hana haja ya kujua.

Padri Erasto alifika kwetu, akatabasamu, akamruka Elida, akamruka Mama Melania, akaniinamia mimi. "Baba, mtoto huyu mnampa jina gani?"

Nikatazama mshumaa. Elida akafungua mdomo. Nyuma yetu, kwenye benchi la kwanza, mtu akakohoa, na Elida akaufunga.

"Baba?" padri akasema tena. "Jina la mtoto?"

Kanisa zima la Kalinzi lilikuwa linajua. Wote walikuwepo siku ya fremu. Hakuna aliyesogeza mguu. Jasho lilinitoka mpaka nikahofia mshumaa. Nikilitaja, nimemvunjia heshima mara ya pili, tena kanisani. Nisipolitaja, halijarudi, na mimi nashuka peke yangu kula ugali wangu ule.

"Umeulizwa, baba," sauti ya mama mkwe ikasema nyuma yangu. "Ile safari hukuulizwa, ukalipeleka. Leo umeulizwa. Lirudishe."

Nikageuka kumtazama kama anasema kweli. Alikuwa amevaa kitenge kilekile cha siku ya kutua. Macho yake yalikuwa yamejaa maji, na alikuwa amekasirika kwa sababu nimeyaona.

Nikalitaja. Si kwa haraka, wala si kwa kunong'ona. Nililitaja lote, taratibu, nikimtazama mwanangu.

"Abee!" mama mkwe akaitika.

Lilimtoka lenyewe, kwa nguvu, kama mtu aliyeitwa kutoka mbali sana. Kisha akaziba mdomo kwa kiganja. Kanisa likapasuka kwa kicheko, Mzee Bonifasi akiwemo, mtoto akaamka akaangua kilio, na Padri Erasto akabaki na maji mkononi anauliza kuna nini.

Tulishuka Ujiji siku ileile, watatu. Fremu iko kwao Kalinzi sebuleni, mama mkwe aliniagiza niirudishe. Mwanangu mimi namwita Mama, kama ninavyomwita mwenye jina lake, na bibi akija kututembelea nikiita wananigeukia wote wawili. Hilo jina sijalitaja tena, maana pale mlangoni mwa kanisa alinishika mkono na kuniambia kwamba ile ilikuwa ruhusa ya mara moja.